Neno Nililomvisha Pasta

Jumapili, Novemba 2006

Mvua imeanza tangu asubuhi, ile ya London isiyo na haraka, inayokulowesha huku ukidhani hainyeshi. Nimevua viatu, nimekunywa chai, nimekaa. Moyo ndio haujakaa.

Leo nimemsemea mtu uongo mbele ya kanisa zima, naye akanishukuru.

Wanaonisoma kwenye blogu hii wanajua kazi yangu ya Jumapili. Nasimama pembeni ya Pasta wetu na kuyageuza mahubiri yake kuwa Kiingereza, kwa ajili ya vijana waliozaliwa hapa. Pasta ni mtu wa Uvira, Kongo. Mimi ni wa Kigoma. Ziwa letu ni moja, lakini Kiswahili chake na changu hukanyagana miguu. Tunaabudu katika ukumbi wa shule tunaoukodi hapa Walthamstow, na katikati ya wiki Pasta anasafisha maofisi. Hajawahi kututaka mshahara, wala haoni haya kutaja fagio lake.

Mwaka huu wamekuja walimu wapya wawili wa Injili na kukodi ukumbi mkubwa kuliko wetu. Kila mmoja anajiita Mtume, na mabango yao yana picha za suti zinazong'aa kuliko nyuso. Hawakuja kutafuta wasioamini, walikuja kutafuta watu wetu. Wanasema Pasta ni mkali kwenye simu na mnyonge ana kwa ana, kwamba Mungu hampaki mafuta mtu anayesugua vyoo. Vijana wetu wengi walihama.

Pasta alinyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Kila nilipomwambia ajitetee, alinijibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nilimjibu kimoyomoyo: Baba, pita sokoni hapo nje uone, hata chema kinapigiwa kelele.

Leo akajibu. Habari zilikuwa zimevuma kwamba atajibu, na baadhi ya vijana waliohama walirudi kumsikiliza. Alifungua barua ya pili ya Paulo kwa Wakorintho, pale Paulo anapolazimika kujitetea mbele ya watu aliowalea mwenyewe, kwa sababu ya mitume wakubwa waliomdharau. Pasta alisema Paulo aliona aibu kujisifu, kwa hiyo akajisifia yale ambayo wengine huyaficha: viboko, njaa, kushushwa ukutani ndani ya kapu kama mzigo wa sokoni. Kisha Pasta akataja yake. Kukataliwa hifadhi. Kulala kwenye masebule ya watu. Vyoo vya ghorofa nzima kabla jua halijachomoza. Sauti ilikuwa imemkauka. Nilitafsiri vizuri, na ukumbi ulikuwa kimya hadi nikaogopa.

Akamalizia: "Munauliza kama miye niko mutume. Miye niko mutumwa."

Nikasema: "He says, I am an apostle." Yaani mtume.

Makofi yalilipuka. Vijana walisimama, wengine wakapiga miluzi. Kiingereza cha Pasta kinaishia kwenye salamu na majina ya sabuni, kwa hiyo aliona kitu kimoja tu: amejiita mtumwa, na watoto wamesimama kumpigia makofi. Alilia hadharani. Baada ya ibada akanishika mikono yote miwili.

"Mama Neema, aksanti. Leo watoto wamenielewa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Watu walikuwa wengi, nikajiambia si mahali pake. Nikasema amina.

Tukiwa njiani kurudi, binti yangu Neema, ambaye Kiswahili changu anakielewa lakini hukijibu kwa Kiingereza, na cha Pasta kinampita, alinitangulia mpaka karibu na mlango wetu. Rafiki zake wote walipohama, yeye alibaki kwa Pasta.

"So he's just like them, then."

Kumbe naye ni kama wao tu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga dirisha, na maneno yale yameniuma kuliko kofi.

Ningeweza kujitetea, na utetezi ninao. Mtume na mtumwa wote wawili wametoka tumbo moja, la kutuma, na Paulo alijiita vyote viwili. Mtu wa Kigoma akisikia Kiswahili cha Kongo kwa sauti iliyokauka anaweza kudhani amesikia "nimetumwa". Ni utetezi mzuri sana. Nimeusema kioo kikiniangalia, na hata mimi sikuuamini.

Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Fagio lile ambalo yeye hajawahi kulionea haya, mimi nililionea kwa niaba yake, mbele ya zile suti. Nilitaka na sisi tuwe na mkubwa wetu. Wale walimu wala hawakuhitaji kunihubiria, nilikuwa mfuasi wao nikiwa nimesimama kwenye madhabahu yetu.

Nilimweleza Neema palepale mlangoni, koti likinichuruzika.

"Don't tell me, Mama. Tell him."

Si yeye wa kuambiwa, ni Pasta. Nikapiga simu. Nilimweleza Pasta yote, bila ule utetezi. Kule upande wa pili nilisikia redio ikizimwa.

"Sasa walipiga makofi juu ya nini?" akauliza.

"Juu ya neno langu, Baba. Si lako."

Nilitamani anigombeze. Nilitamani aseme atamtafuta mkalimani mwingine, nipate adhabu yangu nilale.

"Siku ya Mungu ijayo nitalisema tena," akasema. "Na wewe utasimama pembeni yangu."

"Baba, watahama wote."

"Ninajua, mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka tangu mchana.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimpa Pasta furaha ya mchana mmoja, nikamnyang'anya kabla ya jioni, na sijui kipi kati ya hivyo viwili ndicho dhambi kubwa zaidi. Sijui Jumapili ijayo viti vitabaki na nani.

Nitawatazama wale vijana, mmoja mmoja, na nitasema: slave.