Wavu wa Kuanikia Omena

Akinyi, mjukuu wangu,

Huku Homa Bay tu wazima, na ng'ombe wa mjomba wako amezaa. Umeniuliza kama ukubali waondoe lile chujio la matundu madogo kwenye mtambo wenu wa maji taka, kwa sababu linaziba kila siku.

Miaka ya sitini, kabla sijaolewa, nilikuwa mfagiaji wa hospitali moja hapa. Maji machafu yalipita kwenye nondo zilizozuia magunzi ya mahindi tu. Pamba za vidonda zilipita hadi ziwani, palepale tulipoteka maji. Nikachukua wavu mkuukuu ambao mama alianikia dagaa wa omena, nikaufunga nyuma ya nondo.

Kufikia saa sita mchana wavu ulikuwa umeziba, uchafu umefurika njiani. Msimamizi akafoka, "Atieno, ng'oa takataka yako!"

Niliufungua kwa aibu. Lakini nilipouinua, ulikuwa mzito kwa pamba zenye damu. Nikamwonyesha.

"Mzee, hizi ndizo tumekuwa tukinywa."

Akaniambia niurudishe. Kesho yake nilileta nyavu mbili. Mmoja ukichuja, mwingine niliugeuza nikaukung'uta, kama tunavyofanya omena wakikauka. Nilifanya hivyo kila siku, kila ulipoziba, mpaka nilipoolewa.

Kwa hiyo usikubali. Wakubwa wako wakilalamika tena, wapelekee ndoo ya kilichonaswa, waitazame vizuri. Kisha shika brashi ulisugue chujio kila linapoziba, nyakwara, mjukuu wangu.

Ni mimi dani, bibi yako,
Atieno