Meno ya Jirani

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, zima jiko yakiiva.

Asubuhi umenicheka, ukaniita mbea. Eti jirani kasafiri, mpwa wake kasema. Asafiri aache meno yake ya bandia kwenye glasi? Nimeyaona nilipopeleka sufuria yake, nikayatia mfukoni.

Halafu baba yako, na mkongojo wake, kamfuata yule mpwa mpaka dukani kwake. Kamwona akiingiza bakuli la uji stoo, kisha akafunga kufuli. Uji wa nani, kama si wa kibogoyo?

Tumekwenda huko dukani. Baba yako atalinda nje, mtu akitokea apige mluzi. ~~Tusiporudi jioni, ita polisi.~~ Ita polisi sasa hivi. Nimemwambia baba yako ajaribu mluzi, unatoka upepo mtupu.

Meno ninayo. Jirani akitoka nataka aseme yote, nawe usikie.

Mama yako mbea