Mlango Usio na Komeo

Kawangware, Nairobi
19 Februari 1953

Mpendwa wifi yangu Njambi,

Bwana asifiwe. U hali gani huko Moshi, na shemeji Kimaro, na watoto? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Naandika kwa Kiswahili ili shemeji akusomee bila taabu, nawe usimkatize kila mstari kama nikujuavyo.

Mvua bado. Mbuzi mweupe amezaa.

Wifi, naogopa. Sijui kulisema kwa njia nyingine. Naogopa tangu nikiwasha moto asubuhi mpaka nikiuzima.

Unamkumbuka ndugu yako Ephantus kabla hatujaoana, alivyolala na rungu chini ya kitanda na pombe kichwani? Tangu aokoke ni mtu mwingine kabisa. Hata kuku akimdonoa, nadhani atamwomba msamaha. Mwezi uliopita watu wa kiapo walimwita, anywe damu na kuapa kupigana na Wazungu. Akakataa, akasema amekwisha kunywa damu ya Kristo kwenye Meza ya Bwana, hawezi kunywa nyingine juu yake. Wakamwachilia, ila wakamwonya afunge mdomo.

Lakini unatujua sisi watu wa uamsho: kwetu jambo lisiloletwa nuruni ni dhambi. Jumapili baada ya ibada, watu wamejaa uani, mume wangu akasimama akashuhudia yote. Watu wakaimba, wakamkumbatia. Mimi nilikuwa nikizitazama nyuso, maana si wote walioimba walikuwa ndugu katika Bwana.

Juzi tulimkuta paka wetu amenyongwa, ametundikwa langoni. Jirani zetu, Mburu na mkewe Wamucii, wameacha kutusalimu. Na ndugu yako amefanya nini? Amelitoa komeo, lile gogo la kufungia mlango, akaegemezea mgomba. "Nikisema nimevuka kutoka mautini, halafu najifungia kama mwizi," aliniambia, "nani ataniamini?" Nililirudisha. Akalitoa tena, bila hata kunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Mama Sitti, yule Mnubi wa Kibra ninayempelekea mboga, alipata habari akanishika mkono. "Wagaki, leta watoto kwangu Kambi Muru. Mtu akiuliza, mimi nitasema ni wageni wangu." Ephantus alimshukuru, akakataa. Askari wakitukuta kule bila pasi, ile ruhusa ya serikali, mama wa watu ataponzwa na sisi.

Mbingu naiamini, wifi. Najua kuna mji usio na machozi, na jina langu limeandikwa huko. Lakini bado namtaka mume wangu hapa, anywe uji, anisumbue. Mungu anisamehe kama ni imani haba. Ndiyo maana jana nilianza kukuandikia, nikuombe wewe dada yake mkubwa umwamuru atuhamishie Moshi. Wewe hakukatalii.

Kalamu ilikuwa mkononi mlango uliposukumwa. Nikajua ndio wao. Nilimwita Yesu kwa sauti mpaka mbuzi wakashtuka. Kumbe ni Wamucii. Aliketi chini akalia. Alikula kiapo kwa hofu, na tangu siku hiyo moyo wake haujatulia. Akaniuliza, "Mama Chege, mtu kama mimi bado anaweza kuoshwa?"

Nilijibu ndiyo kabla hata sijafikiri. Tukapiga magoti, mwoga akimshika mwoga. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine. Ungemwona mwenyewe ungejua Bwana amefanya kitu. Akaniambia njiani alikuwa akijisemea kwamba akiukuta mlango umefungwa, atarudi na hatajaribu tena.

Basi, wifi, usimwandikie ndugu yako. Sasa watu wa kiapo watamtafuta Wamucii pia, naye hana pa kukimbilia ila kwetu. Hofu haijaniondoka, tazama mwandiko ulivyopinda. Lakini leo komeo nimelitia motoni mimi mwenyewe. Limeivisha maharagwe vizuri.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na Ndeshi mdogo. Chege na Wakarima wanamsalimu shangazi yao. Bwana awafunike ninyi nyote kwa mkono wake. Tukijaliwa, tutaonana Moshi wakati wa mavuno. Tusipoonana, usilie sana. Nitakungoja kule, mlangoni.

Wifi yako akupendaye,
Wagaki