Chemchemi ya Mfuko wa Mkate

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mayai ni ~~yako~~ ya watoto.

Usiguse waya wa ile chemchemi yako ya bwawani. Jana ulifunga maungio ya waya wa pampu na ekstensheni kwa mfuko wa mkate, ukaapa maji hayaingii. Yameingia. Asubuhi nimetia mkono bwawani kutoa majani, nikapigwa shoti mpaka kandambili zikanivuka. Swichi ya usalama ikakata umeme papo hapo. Ndiyo ile unayosema ina kisirani, uliyotaka kuing'oa. Leo imekuachia mke.

Fundi umeme anakuja mchana kufukia waya mpya ardhini. Usimfundishe kazi. Ekstensheni nimeondoka nayo mkobani.

Ukitamani kuona maji yakiruka, vyombo viko kwenye sinki.

Mama watoto