Kundi la Kijani

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mafua tu ya hapa na pale. Natumaini magoti yamekupa nafasi ya kupumua.

Bwana mifugo atafika Jumatatu. Ng'ombe wako wote kumi na wawili atawavisha hereni za plastiki, sita za manjano na sita za kijani, na kila mwezi atawachoma sindano ya kinga ya ugonjwa wa mbung'o. Ndiyo ile dawa niliyoihangaikia miaka minne, Mama. Damu atakayowatoa itakuja hapa maabara, naipima mwenyewe kwa hadubini. Nakuomba jambo moja tu: usiwape dawa nyingine yoyote. Kuna fomu ya mwenye mifugo kuelezwa na kukubali, lakini usihangaike nayo, ni maneno mengi tu. Nimeshakuwekea sahihi.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, tumeshazoeana. Mafua hayo kunywa maji ya moto, wala usijifanye daktari.

Mwanzoni hereni ziliwapendeza, wakawa wanaringa kama maharusi. Sasa wa kijani wanakonda. Mke-mwenza hasimami. Unajua nilimpa jina hilo kwa sababu marehemu baba yako alikuwa akipiga soga naye kuliko na mimi, na maziwa yake ndiyo yaliyokusomesha. Nakuuliza, nawe nijibu bila kuzunguka: sindano zote hizo ni dawa?

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa Mke-mwenza. Zote ni dawa, Mama. Kwa wengine inachelewa kufanya kazi. Vumilia kidogo. Samahani kwa ufupi, kazi zimenibana.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mke-mwenza alikufa Alhamisi asubuhi. Nimelia mpaka nikajionea haya, mtu mzima kumlilia ng'ombe. Lakini sikulaumu. Mtoto haanzi kwa kukimbia, na dawa mpya ni hivyo hivyo. Usimwambie mtu huko kwamba imeshindwa. Hao waliobaki niachie mimi. Nawe ule vizuri.

Mama yako

14 Novemba

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya changu. Afya ipo, moyo ndio umevunjika.

Mkuu wa maabara ameifunga kazi yangu. Damu ya wa manjano ilikuwa safi tangu mwanzo, na ya wa kijani nayo ikawa safi kuanzia Juni. Mkutanoni wamenicheka waziwazi. Sina tena sababu ya kukuficha: wa kijani walichomwa maji ya chumvi. Ndivyo dawa inavyopimwa, kundi moja linapewa, jingine linanyimwa, ndipo tofauti ionekane. Tofauti ya mwanzo ikafutika. Maji matupu yameponya sawa na dawa yangu. Mwisho wa mwezi narudisha funguo. Niombee, Mama.

Mwanao

9 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo wiki saba, naandika jibu na kulichana.

Maji hayakuponya kitu. Mke-mwenza alipokufa nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikanunua ile dawa ya zamani ya ugonjwa wa mbung'o, nikawachoma wale watano wa kijani kwa mkono wangu. Kila mwezi, bwana mifugo akishaondoka. Nilisema wasije wakafa wakamwaibisha mwanangu. Ulinikataza, ndiyo, ila ulinikataza nikiwa naamini kwamba unawatibu.

Kwa hiyo dawa yako ni nzuri. Wa manjano sikuwagusa. Waambie wakubwa wako, nami wakija nitasema, chupa tupu ninazo. Watauliza kwa nini mwenye ng'ombe hakujua sababu ya kukatazwa dawa nyingine. Hapo utawaeleza habari za sahihi yangu. Au nyamaza, dawa ife. Mimi hilo silichagui kwa ajili yako.

Wewe si wa kwanza kunidanganya duniani. Lakini nilikuuliza, ukakaa chini, ukashika kalamu, ukaniandikia uongo. Damu ya yule ng'ombe ulikuwa ukiitazama kila mwezi. Ulijua anakufa kabla yangu mimi niliyekuwa nikilala mlango wa pili, ukaniambia nivumilie.

Nimeumia, mwanangu, na sitaki kukuficha. Ukija nyumbani sitakufukuza. Lakini piga hodi kwanza, usubiri nikukaribishe.

Mama yako