Mtungi Chini ya Kiti cha Baiskeli ya Baba

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni Busia, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mbele ya Konstebo Wilkista Opondo.

Jina: Vivianne Amoit Oluka
Umri: Miaka 27
Kazi: Karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, Malaba
Makazi: Burumba, Busia

Nimekuja mwenyewe, sikuletwa na mtu. Usiku wa jana sikulala, kwa hiyo nikikosea saa naomba nisahihishwe.

Ninaishi Burumba na baba yangu, Silvester Oluka. Alikuwa dereva wa lori. Nikiwa kidato cha pili alipata ajali karibu na Malaba, akavunjika uti wa mgongo. Tangu hapo, kuanzia kifuani kwenda chini hahisi kitu, na wala hatoki jasho. Mikono yake ina nguvu. Ana baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, na kwa miaka mingi aliwavushia wafanyabiashara mizigo mpakani, kama wafanyavyo walemavu wengi wa hapa. Afisa anaijua desturi hiyo: baiskeli ya mlemavu ikifika langoni, mizigo yake haifunguliwi.

Mwaka juzi baba alizimia kwa sababu ya joto, kisha akazimia tena. Daktari alisema mwili wake hauwezi kujipoza, na kwamba mchana lazima akae mahali pa baridi. Kaka yangu aliye Uarabuni alituma pesa, tukafunga kiyoyozi chumbani kwake, naye akaacha kuvusha mizigo. Majirani hututania kwamba tunaishi hotelini. Baba huwajibu, "Karibuni, chumba ni bure, ila chai mtanunua." Nasema haya ili ieleweke kwamba kwetu mashine hiyo si anasa.

Mwishoni mwa Januari kiyoyozi kilianza kupuliza hewa ya kawaida tu. Niliwapigia simu mafundi wa Kisumu. Walitaka pesa ya gari na ada ya kukagua kabla ya kugusa chochote, na hapo gesi ilikuwa bado. Fundi mwingine wa hapa mjini alisema angeongeza gesi siku hiyo hiyo kwa elfu tatu. Nilipomuuliza kama angetafuta inapovujia, alinijibu, "Dada, unataka baridi ama unataka stori?" Sikumwita.

Muuguzi mmoja wa kliniki alinipa namba ya Levis Mukhwana, anayetoka Matayos. Huyo ndiye mnayemshikilia. Alikuja Jumamosi tarehe 8 Februari, kama saa nne asubuhi. Alifungua mashine ya nje, akapaka povu la sabuni kwenye bomba la shaba, na sote tukaona povu likichemka kwenye kiungo kimoja. Alisema, "Nikiongeza gesi bila kuziba hapa, wiki ijayo mtaniita tena na mtanitukana." Akatueleza gharama: kuchomelea bomba, kunyonya hewa iliyoingia ndani, kisha gesi. Gesi peke yake ilizidi hayo mengine yote pamoja.

Baba aliuliza kwa nini. Levis alisema anayeshika gesi hiyo sharti awe na kibali, akatuonyesha kadi yake, akaongeza kwamba gesi yenyewe sharti iwe imeingia nchini kwa kibali. Nilijua ni kweli. Malaba nimeona mitungi ya aina hiyo ikizuiliwa.

Nimeambiwa kwamba maneno yaliyofuata ndiyo yanayobishaniwa, kwa hiyo nitayasema kama nilivyoyasikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Baba alisema, akimaanisha upande wa Uganda, "Si hii kitu iko ng'ambo?"

Levis alisema, "Iko, na ni bei ya chini. Lakini hiyo mimi sigusi, mzee. Haina karatasi, na huwezi jua ndani wameweka nini."

"Kwani gesi ya karatasi inaleta baridi tofauti?"

"Mzee, ikilipuka nikiwa na moto mkononi, hutaniuliza hiyo swali."

Baba alicheka. Alisema, "Kijana, mimi nimevusha sabuni, unga, mafuta, hata jogoo. Hakuna siku mtu ameniuliza karatasi ya jogoo."

Levis naye akacheka. "Hii haiwiki, mzee."

Basi. Hakuna aliyemtuma mtu popote. Tulikubaliana Levis aje Jumanne alasiri kuchomelea bomba, na gesi ingenunuliwa mshahara wangu ukiingia. Alipoondoka nilimwambia baba asifikirie habari ya ng'ambo. Alinijibu, "Sawa, mama." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilidhani yamekwisha.

Jumanne tarehe 11 niliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kwenda kazini. Nilimwachia beseni la maji na taulo karibu na kitanda. Kama saa saba mchana nilipigiwa simu na Mama Leonida, anayeuza njugu karibu na lango la mpaka. Alisema, "Vivianne, kuja. Mzee amelala kwa usukani na hajibu."

Nilipofika, Mama Leonida alinieleza aliyoyaona. Baba alikuwa akirudi kutoka upande wa Uganda, akasimama nyuma ya malori yaliyopanga foleni. Kichwa chake kikainama. Vijana wa bodaboda walipita wakimcheka, wakisema, "Wazee wa siku hizi wanaanza mapema." Walidhani amelewa. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, na mtu asiyetoka jasho haonekani kama mtu aliyezidiwa na jua. Mama Leonida anamfahamu. Alimmwagia kichwani maji yake ya kunywa, akawapigia kelele hao vijana mpaka wakambeba hadi kivulini. Walipomwinua ndipo mtungi ukaonekana chini ya kiti, umefungwa kwa leso. Leso hiyo ni yangu. Nimeitambua hapa kituoni.

Nilimpeleka baba hospitali. Sikuwepo nyumbani Levis alipokuja. Jirani yangu Dolphine ameniambia kwamba alifika alasiri na vifaa vyake vya kuchomelea, kama tulivyopatana, akawakuta askari waliokuwa wamekuja kuulizia mtungi. Alipojitambulisha kuwa fundi wa AC, walimkamata pale pale.

Jana asubuhi, kwenye korido ya wodi, mdogo wake baba, Okurut, aliniambia kwamba tayari ameandikisha maelezo hapa kituoni kuwa fundi ndiye aliyemtuma baba. Nilimuuliza amejuaje, maana Jumamosi hakuwepo. Alisema, "Wewe ulisoma lakini hujui dunia. Mtungi umeshikwa. Lazima kuna mwenye mtungi. Kama si huyo Mluhya, basi ni ndugu yangu. Chagua."

Ninafanya kazi na sheria za forodha, na najua kwamba asipokuwa fundi, baba anaweza kushtakiwa. Nilirudi kuketi kando ya kitanda. Nilijaribu kuipanga ile Jumamosi upya kichwani, nione kama kuna neno la Levis linaloweza kubeba maana nyingine. Nililitafuta kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Halipo.

Jana jioni baba alifungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Levis alikuja?" Nikamwambia alikuja. Akasema, "Hakujua. Nilitaka akute gesi iko tayari. Nikaona mshahara wako unaishia kwa hiyo mashine ya ukuta wangu." Nikamuuliza kwa nini hakungoja jua lipungue. Alisema jua likipungua walinzi wanaomfahamu huwa wamebadilishana zamu.

Hayo aliniambia mimi, na najua nikiyasema hapa yanamwangukia yeye. Aliununua mtungi mwenyewe na akauvusha mwenyewe. Hakuwa akivusha mali ya kuuza, alitaka kupumua chumbani kwake. Kama hilo lina uzito wowote mbele ya sheria naomba liandikwe, na kama halina, liandikwe tu. Levis Mukhwana hakumtuma na hakujua. Daktari amesema hatamruhusu baba arudi kwenye chumba chenye joto, na mtu pekee aliyekubali kuitengeneza mashine ile inavyotakiwa amelala hapa ndani siku ya pili.

Mtungi siutaki. Ninaomba jambo moja. Nilipoingia nimeona baiskeli ya baba nje, uani, juani. Nimeambiwa ni kielelezo na haiwezi kutoka. Sawa. Kiti chake ni cha ngozi nyeusi na kinashika moto. Siku atakayorudishiwa atakikalia, na kikiwa cha moto kitamuunguza bila yeye kuhisi.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo. Nimesomewa, ni sahihi, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: V. Amoit Oluka

Maelezo ya afisa: Shahidi alisoma mwenyewe baada ya kusomewa, akatia sahihi mbele yangu saa nne na dakika ishirini. Jalada nimelipeleka kwa mkuu wa kituo pamoja na pendekezo kwamba mtuhumiwa Levis Mukhwana aachiliwe. Suala la Silvester Oluka litaamuliwa na mkuu wa kituo. Kielelezo namba mbili, baiskeli, kimehamishiwa kwenye veranda, kivulini. — Konst. W. Opondo