Macho ya Kasa wa Karatasi

Wiyoni, Lamu
Jumatano

Kwa dada yangu mpenzi Lubna,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Mombasa, na lile jino limeacha kukusumbua. Sisi huku alhamdulillahi. Mama hajambo isipokuwa magoti, na ugomvi wake na jirani juu ya paka umeanza upya. Mwanao Radhiya hana homa, anakula, anacheka. Lakini ni yeye aliyenifanya nishike kalamu. Nimejaribu kukutumia ujumbe wa sauti mara tatu nikaufuta, kwa hiyo nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujanipigia simu.

Unajua muhula huu darasa langu la chekechea, alimo Radhiya pia, tunatengeneza wanyama wa karatasi. Tulianza na kasa: sahani ya karatasi iliyopakwa rangi ya kijani, miguu minne ya manila, kichwa, na macho mawili niliyowakatia mwenyewe. Watoto walirudi nyumbani wamefurahi. Kesho yake Bwana Abubakr, babake Swafwan, alinisubiri mlangoni. Aliniambia kwa adabu kabisa kwamba nyumbani kwake haitundikwi sura ya kiumbe, na kwamba alipombandua kasa macho, mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Nikaomba radhi. Wiki iliyofuata tukatengeneza paka wasio na macho. Akaja Bi Mwanamkisi, mamake Ammar, amekunja uso, kuniuliza ni mwalimu gani anayempa mtoto paka kipofu. Ammar amekataa kulala naye chumba kimoja! Nikaenda kwa ustadh. Alinieleza kuwa wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, halafu papo hapo akanisihi niepuke fitina. Sasa hapo, dada, nishike lipi? Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Mwisho nikaamua wanyama wote waondoke shuleni bila macho, na macho nikayatia kwenye bahasha, kila mzazi aamue kwake. Nilijiona mwerevu sana.

Jana akaja mkaguzi. Alisema anataka kuona kila mtoto akiikamilisha sura ya mnyama kwa mkono wake, macho, pua na mdomo. Nikazitoa bahasha, watoto wakashangilia. Siku hiyo tulikuwa na punda. Radhiya alibandika jicho moja juu ya meza, la pili kwenye mkia. Nilidhani ananifanyia mzaha mbele ya mgeni, nikamkaripia. Akanijibu, gundi imemjaa vidoleni, kwamba ameshamaliza na punda wake sasa anaona.

Mkaguzi alipoondoka nilimpakata Radhiya, tukacheza mchezo wa kuziba macho. Nilipoziba la kulia alinihesabia vidole kwa shida, akivisogelea mpaka puani. Nilipoziba la kushoto aliniuliza mbona nimemziba yote mawili. Leo asubuhi nimempeleka zahanati. Muuguzi amesema jicho la kulia halioni kitu, na la kushoto limeanza kufifia. Amesema huenda hilo likawahiwa, lakini tumfikishe kwa daktari wa macho Mombasa wiki hii hii.

Ningeweza kuishia hapo nawe ungenihurumia. Lakini tangu Shaabani Mama alikuwa akiniambia, "Mwana huyu haoni ndia," kwa vile alivyokuwa akijigonga barazani. Alinituma nikwambie. Nikamjibu kuwa mtoto ni mtundu tu. Sikukwambia, kwa sababu niliogopa ungekuja kumchukua. Wajua mimi sikujaaliwa wangu, na tangu uniachie huyu, nyumba imekuwa na mtu wa kuniita nikichelewa kurudi. Na zile picha za kazi zake nilizokuwa nikikutumia kila Ijumaa, ukawa unazionyesha kazini kwako na kusema mwanao ana mkono mzuri, si kazi yake. Nilikuwa nabandua alichobandika yeye, naweka sawa, ndipo napiga picha. Mikono yangu hii iliona kila wiki kwamba mtoto hakosei kwa uvivu. Sijui nilikuwa nadhani nini. Mpaka sasa ninapokuandikia sijielewi.

Jumamosi alfajiri tutavuka kwa mashua hadi Mokowe, bara, kupanda basi, mimi naye. Tupokee stesheni. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila si mbele yake. Na ukiamua abaki nawe, nitarudi peke yangu wala sitauliza neno.

Mama anakusalimu na kukuombea dua kila swala. Yeye bado hajui aliyosema muuguzi. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Hadil

Radhiya ameniona naandika, ametaka naye akutilie salamu. Huo mchoro hapo chini ni wewe, ameuchora mwenyewe. Sikuugusa.